Mazembe na Tajiri Wake: Shukrani na Mashaka Yetu

Siku moja baada ya Misa ya pili vijana wa mtaa wetu wa Nguba walitujia na swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Nguba, kama wengi wajuavyo, ni sehemu ya Ibanda iliyo upande wa mto Ruzizi, pale maji ya Ziwa Kivu yanapoanza safari yao ya kwenda Tanganyika. Ukivuka tu, uko Rwanda. Mahali pa sawasawa huku kwetu Bukavu ni pachache, na vijana hao huchezea kiwanja chenye mteremko. Jezi zao zimefifia, na mpira wao ni mmoja, nao umetiwa viraka.

Basi bwana mmoja mwenye mali aliwaambia kwamba yu tayari kuwanunulia jezi, viatu na mipira, na kuwalipia nauli ya kwenda kucheza Kadutu na Bagira. Sharti lake lilikuwa hili: timu ichukue jina lake, na neno la mwisho katika kila jambo liwe lake yeye. "Wazee wetu," wakatuuliza, "tukubali au tukatae?"

Mzee mmoja akajibu upesi: "Wanangu, mkono mtupu haulambwi. Kubalini, mshukuru." Mwingine akatikisa kichwa: "Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Siku atakapochoka nanyi, mtavaa nini?" Kijana mmoja akasema: "Lakini, Baba, Mazembe wanaye tajiri wao, nao wamefika hata fainali ya dunia!" Hapo tukanyamaza wote, maana kwa habari ya Mazembe hata sisi wazee hatuna moyo mmoja. Twaipenda, twajivuna nayo. Na tajiri wake twamshukuru, kisha twamwonea mashaka. Tukaona yafaa kwanza tuikumbuke historia yenyewe, ndipo tuwajibu vijana.

Wenye timu wa kwanza

Wengi waishangiliao timu hii hawajui kwamba ilizaliwa katika misioni. Mwaka 1939, mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, wamonaki Wabenediktini walikuwa wakiongoza shule iitwayo Mtakatifu Bonifasi. Si wanafunzi wote waliotaka kuwa mapadri, na wamonaki waliona kwamba vijana hao nao wahitaji kazi ya kuwafurahisha na kuwatia adabu ya mwili. Wakaanzisha timu, wakaipa jina la Mtakatifu Jorji. Mwaka 1944 jina likageuzwa, timu ikaitwa Mtakatifu Paulo.

Baadaye wachezaji wasio wanafunzi wa shule wakaanza kuingia, nao mapadri wakaiacha timu mikononi mwa wengine. Sisi twaona hapo fundisho la kwanza. Wamonaki hawakuing'ang'ania. Jambo walilolianzisha kwa ajili ya watoto wa shule lilipozidi mipaka ya shule, walifungua mkono. Mtu aweza kusema walikosea, mwingine aweza kusema walifanya hekima. Lakini kama wasingeiachilia, pengine leo ingekuwa timu ya shule tu.

Mwenye timu wa pili alikuwa kampuni. Englebert ilikuwa kampuni ya Kibelgiji iliyotengeneza matairi ya magari, nayo ikaipa timu fedha pamoja na jina lake. Katika lugha yetu neno mpira ni la kuchezea na ni la gari pia. Basi hapo mpira wa gari ulilisha mpira wa miguu. Jina hilo lilidumu hata baada ya Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, na hata baada ya Katanga kujitenga na kurudi. Mwaka 1966 timu ilishinda michezo yake bila kufungwa, ndipo watu wakaongeza mbele ya jina lake maneno ya Kifaransa yenye maana ya Mwenyezi: Tout Puissant Englebert. Sisi Wakristu jina hili hutufanya tutabasamu kidogo, maana Mwenyezi twamjua mmoja tu, wala hachezi mpira. Herufi TP zimebaki mpaka leo.

Mwaka 1967 Englebert ilichukua Kikombe cha mabingwa wa Afrika. Ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, 1-1 na 2-2, na katika mchezo wa tatu Wakotoko hawakufika uwanjani. Mwaka 1968 ikakichukua tena, kwa kuishinda Étoile Filante ya Togo 5-0 nyumbani na kufungwa 4-1 ugenini. Ikafika fainali tena mwaka 1969 na 1970, ikashindwa mara zote mbili. Fainali nne mfululizo! Baadaye serikali ya Mobutu ilipoamuru majina ya kigeni yaachwe, Englebert ikawa Mazembe, na wapenzi wake huitwa Kunguru, kwa sababu ya nguo zao nyeusi na nyeupe.

Miaka ya njaa

Mwaka 1980 Mazembe ilichukua kikombe cha Afrika cha washindi wa vikombe. Mwaka 1987 ilikuwa bingwa wa nchi. Kisha ikangoja miaka kumi na mitatu.

Sababu yake haikuwa miguu ya wachezaji tu. Lubumbashi huishi kwa shaba. Serikali iliitwaa kampuni kubwa ya madini mwaka 1967, ikawa Gécamines, nayo ndiyo iliyolisha mji: shule, hospitali, unga wa wafanyakazi, na michezo pia. Mwaka 1986 ilitoa tani za shaba zaidi ya 400,000. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikabomoka. Na mwaka 1994 hazikupatikana hata tani 50,000. Mfanyakazi asiyepata mshahara hanunui tikiti ya mpira. Na timu isiyouza tikiti husafiri kwa deni.

Basi, msomaji, usimhukumu haraka mtu aliyefurahi alipoona tajiri anaingia mlangoni. Mwenye njaa haulizi kwanza chakula kimepikwa na nani.

Tajiri anakuja

Moïse Katumbi Chapwe alizaliwa mwaka 1964. Baba yake alikuwa Mwyahudi wa Kigiriki kutoka kisiwa cha Rhodes, na mama yake mwanamke wa Kikongo wa upande wa ziwa Mweru. Alipata mali kwa biashara na kwa kazi za migodini, na mwaka 1997 akashika urais wa Mazembe.

Mwaka ule sisi wa Bukavu tulikuwa na mengine ya kufikiri. Vita vilikuwa vimetupitia, na tulikuwa bado tunamlilia Askofu wetu Mkuu, Christophe Munzihirwa, aliyeuawa hapa mjini tarehe 29 Oktoba 1996. Mwaka 1998 vita vingine vikaanza, na nchi ikakatwa vipande: Lubumbashi chini ya serikali ya Kinshasa, sisi chini ya waasi. Mtu wa Nguba hakuweza kwenda Lubumbashi kama aendavyo kwa ndugu yake. Lakini redio haikujua mpaka huo. Mazembe ilipokuwa bingwa wa nchi mwaka 2000, na tena 2001, tulisikia; na wengine wetu tulifurahi si kwa mpira peke yake, bali kwa kusikia kwamba bado kuna jambo liitwalo bingwa wa Kongo nzima.

Tena iko sababu nyingine ya mapenzi yetu, nayo twaisema bila kuficha. Timu kubwa za Kinshasa, V.Club na Motema Pembe, hushangiliwa kwa Kilingala. Mazembe hushangiliwa kwa Kiswahili. Toka Lubumbashi mpaka kwetu ni kama kilomita 1,000 kwa njia ya ndege, lakini lugha ni moja, na mtu humpenda amshangiliaye kwa maneno ya mama yake.

Tajiri huyu hakuleta maneno matupu. Alilipa mishahara mizuri kuliko timu nyingi za Afrika, akaleta walimu wa nje na wachezaji wa nchi jirani, akajenga uwanja wa timu yenyewe huko Kamalondo wenye nafasi za watu 18,500 hivi, uliofunguliwa mwaka 2011. Kisha ikaanzishwa shule ya kufundisha vijana mpira. Matunda yakaonekana. Mwaka 2009 Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika, baada ya miaka arobaini na mmoja. Mwaka 2010 ikarudia, kwa kuipiga Espérance ya Tunis 5-0 katika mchezo wa kwanza wa fainali.

Ndipo ikaja Desemba 2010 huko Abu Dhabi. Mazembe iliishinda Pachuca ya Mexico 1-0, ikaishinda Internacional ya Brazil 2-0, na tarehe 18 Desemba ikasimama mbele ya Inter ya Milan katika fainali ya vilabu vya dunia. Kabla ya siku ile hapakuwa na timu hata moja iliyotoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini iliyofika hapo. Huku Nguba tulibanana mbele ya televisheni, Mkatoliki na Mprotestanti na Mwislamu, wapenzi wa Muungano na wapenzi wa Dawa waliozoea kutukanana pale Stade de la Concorde. Kipa Robert Kidiaba alikuwa ametuchekesha kwa kuruka-ruka akiwa ameketi chini baada ya kila bao. Tulifungwa 3-0. Hakuna aliyelia. Watoto waliteremka mtaani wakirukaruka kwa matako kama Kidiaba, na mama zao wakawagombeza kwa ajili ya suruali.

Ni nani atakayesema kwamba furaha ile haikuwa kitu? Nchi yetu ilikuwa imezoea kutajwa duniani kwa vita na kwa wakimbizi. Kwa juma moja ilitajwa kwa mpira.

Mashaka yetu

Sasa tuseme upande wa pili, maana shukrani isiyosema kweli ni sifa za kununuliwa.

Kwanza, Katumbi alichaguliwa gavana wa Katanga mwaka 2007, akakaa mpaka 2015. Tangu hapo mtu hakujua tena kama anashangilia timu au anashangilia gavana. Aliyevaa jezi nyeusi na nyeupe alihesabiwa kuwa wa upande fulani. Mwaka 2015 gavana akaachana na Rais Kabila. Mwaka 2016 akaondoka nchini, na mahakama ikamhukumu miaka mitatu gerezani katika kesi ya nyumba; yeye akasema ni kesi ya siasa, na mwaka 2019 hukumu ile ikafutwa. Mwaka 2018 alizuiliwa mpakani Kasumbalesa asiingie. Mwezi wa Mei 2019 akarudi Lubumbashi, akapokewa na umati mkubwa, na mwaka 2023 akagombea urais wa nchi, akawa wa pili. Katika miaka yote hiyo aliendelea kuwa mwenye timu. Ikiwa alipanda ngazi ya mpira kufika kwenye siasa, au alichukua nguvu ya siasa kuulisha mpira, au alipenda yote mawili kwa moyo mmoja, Mungu ndiye ajuaye mioyo. Sisi twasema tu kwamba mpenzi wa mpira hapendi kuhesabiwa kama kura.

Pili, mali huleta kiburi. Mwaka 2010 Trésor Mputu, mshambuliaji wetu bora, alifungiwa mwaka mzima na FIFA kwa ghasia aliyomfanyia mwamuzi huko Kigali, naye hakuiona Abu Dhabi. Mwaka 2011 Mazembe iliitoa Simba ya Dar es Salaam, lakini Wasimba wakalalamika kwamba beki mmoja aliandikwa kinyume cha sheria. Wakuu wa mpira wa Afrika wakakubali, na bingwa akaondolewa mashindanoni. Mwaka uleule Mazembe ikamnunua kwa Simba kijana Mbwana Samatta. Mwaka 2015 Samatta akaisaidia kuwa bingwa wa Afrika mara ya tano, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa wale wachezao Afrika, akaenda Ubelgiji. Tulifurahi kwa ajili yake. Lakini watu wa miji midogo waliuliza: Je, mwenye fedha akichukua kila kijana mwenye kipaji, sisi tutabaki na nini? Hata hapa Bukavu swali hilo twalijua.

Tatu, na hili ndilo kubwa: timu yote imesimama juu ya mtu mmoja. Alipokuwa uhamishoni, Mazembe iliendelea kucheza, ikachukua kikombe cha shirikisho la Afrika mwaka 2016 na 2017. Twamsifu kwa kutoiacha. Lakini miaka ile ilituonyesha jinsi timu ilivyofungwa na maisha ya mtu mmoja: kesi yake ni hofu ya timu, safari yake ni safari ya timu. Wapenzi huitwa wenye timu katika nyimbo, lakini hawaulizwi neno siku ya hesabu. Nyumba yenye nguzo moja, hata nguzo hiyo ikiwa ya mninga, wenye nyumba hawalali usingizi wakati wa upepo.

Yaliyobaki baada ya mwenyewe kuondoka

Tupige hatua mpaka Kinshasa, tumwangalie mtu mwingine. Padre Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut, alifika huko mwaka 1917. Alianzisha shule na michezo, na mwaka 1936 akaanzisha timu ambayo leo ni Motema Pembe. Mwaka 1952 ulifunguliwa uwanja mkubwa, ukaitwa kwa jina la Mfalme Baudouin. Padre huyo naye hakupendwa na wote bila mashaka. Wako waliosema kwamba Wabelgiji waliwapa Waafrika mpira ili wasiulize habari za uhuru, na kwamba padre alishika kila kitu mkononi kama baba asiyejua kwamba watoto wamekua. Alifariki mwaka 1956. Baada ya Uhuru jina la mfalme likaondolewa, uwanja ukaitwa 20 Mei, siku ya chama cha Mobutu. Mobutu akaanguka mwaka 1997, jina hilo nalo likaondolewa. Ni jina gani lililowekwa? Tata Raphaël, yaani Baba Raphaël, kama watoto walivyokuwa wakimwita.

Hilo hutufikirisha. Jina la mfalme liliwekwa kwa amri, likaondoka. Jina la chama liliwekwa kwa amri, likaondoka. Jina la padre walilirudisha watu wenyewe, walipokwisha kumsamehe makosa yake na kukumbuka mema yake. Urithi wa mtu hauandikwi na yeye. Huandikwa na waliobaki, tena baada ya miaka mingi.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam nao wamelifikiri jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 2017 tajiri Mohammed Dewji alitangazwa kuwa mwekezaji wa Simba, lakini serikali ya Tanzania ilishika neno kwamba mwekezaji asizidi asilimia 49, na asilimia 51 zibaki kwa wanachama. Ugomvi haukuisha kwa sheria hiyo. Lakini angalau mwanachama ajua pa kusimama anapouliza.

Jibu letu kwa vijana

Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu, benki zikafungwa, na wenye mali wengi wakaondoka. Hapo tulijifunza tena kwamba tajiri aweza kuondoka kwa usiku mmoja, kwa kosa lake au bila kosa. Timu za mitaa zilizokuwa na mwenye neno mmoja zilinyamaza. Zile ambazo vijana walikuwa wakichanga kidogo kidogo ziliendelea kupiga mpira, ijapokuwa bila viatu.

Basi tuliwajibu vijana wetu hivi. Msimkatae bwana huyo, maana kukataa zawadi ya heri nako ni kiburi, na nyote mna njaa ya viatu. Mpokeeni kwa heshima, mketisheni mbele, mwombeeni. Lakini mwambieni kwa adabu mambo matatu. Jina la timu libaki la mtaa, kwa kuwa mtaa hauhamishwi wala haugombei kura. Fedha ziandikwe katika daftari, na daftari lisomwe mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu. Na kila mchezaji, hata akiwa maskini kabisa, atoe mchango wake mdogo, ili siku ya neno awe na haki ya kusema. Akikubali, ni mfadhili wa kweli. Akikasirika, mtakuwa mmejua alichokuwa akinunua.

Vijana walikwenda kumwambia. Bwana huyo alifikiri juma zima, kisha akaleta mipira miwili bila jezi, akasema habari ya jina atazidi kuifikiri. Hatukumlaumu, wala hatukumsifu kupita kiasi. Mipira ni mizuri, nayo inachezwa.

Na kwa habari ya Mazembe, tutazidi kuwa na mioyo miwili. Tutamshukuru Katumbi kwa ile Desemba ya Abu Dhabi, maana asiyeshukuru ni mwizi wa furaha aliyopewa. Tena tutazidi kuuliza ni nani atakayeishika timu siku mwenyewe atakapokuwa hayupo. Wamonaki wa Mtakatifu Bonifasi waliiacha ikiwa na miguu ya kutembea yenyewe. Kila aishikaye baada yao ni wakili tu, na wakili huulizwa hesabu: na watu kwanza, na Mungu mwishoni.